Vema Tisini na Mbili

Kila asubuhi, kabla kengele haijagongwa, kazi ya kwanza ya Karani ilikuwa kwenda kwenye bomba. Jina lake halisi lilibaki kwenye rejista ya darasa tu. Shule nzima, na hata mama yake aliyekuwa fundi cherehani, walimwita msichana huyo Karani kwa sababu ya mwandiko wake. Herufi zake zilisimama wima kama askari kwenye gwaride, hakuna iliyomkanyaga mwenzake. Ndiyo maana alipoingia darasa la tano, Mwalimu Mkuu alimkabidhi Daftari la Maji.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unafungua bomba, unakinga maji kwenye chupa ya kioo, unaiinua juu uone kama kuna taka. Halafu unafungua daftari na kuweka alama ya vema kwenye safu mbili: "Yanatoka" na "Ni safi". Kama bomba ni kavu, unaandika "Hayapo". Mwisho wa mwezi Mwalimu Mkuu anatia sahihi, tarishi wa ofisi ya maji anakuja na baiskeli yake, anachana nakala ya juu na kuondoka nayo. Nakala ya chini, iliyoandikwa kwa kaboni, inabaki shuleni.

Mwaka uliotangulia daftari la Karani lilikuwa safi kuliko yote wilayani. Alizawadiwa kikombe cha plastiki cha rangi ya bluu, na mama yake akakiweka juu ya kabati. Hakuna aliyeruhusiwa kukinywea.

"Kikombe gani hicho kisichonywewa?" aliuliza Kasuku, yule mvulana waliyekaa naye dawati moja. "Mwisho kitakufa kwa kiu."

Kasuku aliitwa hivyo kwa kuwa mdomo wake haukupumzika. Alisema akila, alisema akiandika, na mwalimu wa hesabu aliapa kwamba alimsikia akisema usingizini. Karani alimlalamikia kila siku, lakini siku Kasuku asipokuja shuleni dawati lilikuwa refu na baridi.

Siku ya kwanza ya muhula mpya ilikuwa pia tarehe mosi ya mwezi. Baada ya masomo Karani alikaa peke yake na daftari lake, akazitazama kurasa za mwaka uliopita. Hakuridhika. Siku nyingine kalamu ilikuwa ya bluu, siku nyingine nyeusi. Vema moja ilikuwa nene, nyingine imelala upande. Akawaza: kwa nini nisiuandike mwezi mzima leo, kwa kalamu moja na mkono mmoja, ili safu inyooke? Tangu bomba lijengwe halijawahi kukauka. Likauke mwezi huu kwa nini?

Akaandika. Alipofika mwisho aligundua ameweka vema hata kwenye Jumapili, siku ambazo lango la shule hufungwa kwa kufuli. Akacheka peke yake. Haidhuru, alisema moyoni, safu isiyo na pengo inapendeza zaidi.

Asubuhi ya tarehe kumi na mbili alifungua bomba kama kawaida. Bomba lilikohoa mara mbili, likatema hewa, likanyamaza.

Karani alilifungua daftari. Vema ya siku ile ilikuwa pale, imenyooka, inamsubiri. Ndani ya jalada kulikuwa na maneno aliyoyajua kwa moyo: *Ukurasa uliofutwafutwa hautapokelewa.* Akaona, mafundi watakuja kesho, siku moja si kitu. Akalifunga.

Kesho ikawa keshokutwa, keshokutwa ikawa wiki. Wanafunzi walianza kutoka wakati wa mapumziko kwenda kwenye mfereji unaopita nyuma ya machinjio. Walikinga maji kwa makopo, wakanywa wakiwa wamefumba macho.

"Usiyaangalie," Kasuku alimfundisha Karani huku akifuta mdomo. "Ukiyaangalia, na yenyewe yanakuangalia."

Karani hakuyanywa. Yeye alibeba maji ya kuchemsha kutoka nyumbani.

Mwezi wa pili ulipoingia alishika kalamu, akataka kuandika "Hayapo" kuanzia siku ya kwanza. Mkono ukasita. Wangeuliza yamekosekana tangu lini, kisha wangeufungua ukurasa wa nyuma. Uongo wa kwanza ulihitaji mwenzake wa kumshika mkono, na wa pili ukamwita wa tatu. Karani alijaza mwezi wa pili, kisha wa tatu, pamoja na wiki nzima ya likizo fupi ya katikati ya muhula. Kila mwisho wa mwezi aliupeleka ukurasa ofisini, na Mwalimu Mkuu akatia sahihi katikati ya rundo la karatasi nyingine, simu ikiwa sikioni.

"Umejaza yote?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Hodari wangu."

Wakati huohuo Mwalimu Mkuu aliandika barua mbili kuomba mafundi. Zote zilijibiwa kwa mstari mmoja: *Kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, bomba la shule yako linafanya kazi.*

"Wanatuchezea hawa," alisema mbele ya wanafunzi, akiikunja barua mpaka ikawa ndogo kama kibiriti. "Nitakwenda kwa mbunge mwenyewe."

Akaenda. Mbunge akaahidi kumuuliza Waziri wa Maji bungeni.

Wiki moja kabla ya siku ya swali hilo Kasuku aliugua. Jumatatu alilaza kichwa kwenye dawati, akasema kinamuuma. Jumanne alisema tumbo. Jumatano hakusema kitu, na ndipo mwalimu alipoogopa na kumwita mama yake. Ilikuwa homa ya matumbo. Alipelekwa hospitali ya wilaya, na mpaka wiki inaisha watoto wengine tisa wa shule ile walikuwa wamelazwa.

Siku ya swali lao, Mwalimu Mkuu alileta redio yake darasa la sita na kuiweka juu ya meza. Kipindi cha maswali na majibu kilianza saa tatu asubuhi. Walisubiri maswali ya barabara, ya mbolea na ya vitambulisho. Mwisho Spika akasema, "Swali namba arobaini na saba."

Mwalimu Mkuu akaongeza sauti ya redio.

"Mheshimiwa Spika," ilisema sauti ya mbunge wao, "wanafunzi wa shule moja jimboni kwangu wanakunywa maji ya mfereji, na kumi sasa wako hospitali. Je, Serikali itatengeneza lini pampu ya bomba lao?"

Karatasi zilisikika zikipekuliwa. Kisha sauti ya waziri, nzito na tulivu, ikaanza kusoma.

"Mheshimiwa Spika, napenda kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo. Tunawaombea wagonjwa wapone haraka. Hata hivyo, ipo kumbukumbu ya shule hiyohiyo, Daftari la Maji, ambalo wanafunzi wenyewe hulijaza. Daftari hilo linaonyesha kwamba maji yametoka kwa siku tisini na mbili mfululizo, na siku zote yalikuwa safi. Kwa hiyo pampu hiyo haijaharibika. Serikali imewaelekeza mafundi wake kwenye shule zenye uhitaji zaidi."

"Swali la nyongeza!" Mbunge alikuwa amepandisha sauti. "Mheshimiwa Spika, siku tisini na mbili mfululizo? Hata Jumapili? Hata wakati wa likizo? Nani aliyeruka ukuta kwenda kufungua bomba?"

Kicheko kilisikika ukumbini.

"Mheshimiwa Spika, namshukuru Mheshimiwa Mbunge kwa swali lake zuri," alijibu waziri, naye akicheka kidogo. "Hilo linatuonyesha bidii ya watoto wetu. Kama sisi watu wazima tungefanya kazi hata Jumapili, nchi hii ingekuwa mbali."

Makofi. Meza zikapigwa.

"Tunaendelea," alisema Spika. "Swali namba arobaini na nane."

Mwalimu Mkuu aliizima redio. Darasa likalipuka.

"Waziri muongo!"

"Aje anywe yeye huo mfereji!"

"Wamelighushi daftari la Karani! Tisini na mbili kazitoa wapi? Kaota?"

Mwalimu Mkuu hakuwanyamazisha. Alikaa kwenye kiti kama mtu aliyetembea safari ndefu akakuta mlango umefungwa. "Basi," alisema polepole. "Hapo ndipo mwisho. Baada ya waziri hakuna wa kumwendea."

Karani aliificha mikono yake chini ya dawati. Katika chumba kile ni yeye peke yake aliyejua kwamba waziri hakuota. Alikuwa amesoma mwandiko mzuri.

Siku tatu alizibeba zile vema kifuani. Sahani yake aliirudisha jikoni ikiwa imejaa. Mama yake alisimamisha cherehani, akamshika shavu. "Mwanangu, una homa?"

"Sina, mama."

"Basi twende tukamwone mwenzako. Huenda ni yeye anayekukosesha usingizi."

Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda vilivyobanana kama meno. Kila kitanda kilikuwa na mtoto, na vitanda vingine viwili viwili. Kasuku alilala karibu na dirisha, macho yakiwa makubwa kuliko uso. Jana yake alikuwa amefanyiwa upasuaji, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeutoboa utumbo. Karani alimsalimu. Kasuku alimtazama, akafungua mdomo, akaufunga tena.

Mama Kasuku, muuza mitumba, alikuwa amekaa sakafuni akiegemea ukuta. Hakuwa amekwenda sokoni kwa siku tisa.

"Pole, dada," alisema mama yake Karani. "Anaendeleaje?"

"Nishapoa, dada. Daktari anasema tusubiri." Alicheka kicheko kisicho na furaha. "Unajua majirani wanasemaje? Wanasema nimemlisha mwanangu uchafu nyumbani kwangu. Nikiwaambia shuleni hakuna maji, watoto wanakunywa mfereji, wananijibu: waziri kasema shuleni maji yapo, tena safi, kwa hesabu ya siku. Mimi ni nani nimkanushe waziri? Hata muuguzi aliandika hivyo kwenye fomu. Chanzo cha maji, nyumbani." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Mtoto hawezi kusema, na mimi nikisema siaminiwi."

Karani alitoka mbio. Mama yake alimkuta nyuma ya wodi, penye kamba za kuanikia shuka, akilia mpaka mabega yanaruka. Hapo ndipo alipoyasema yote, kuanzia tarehe mosi mpaka wiki ya likizo.

Mama yake hakumpiga wala hakumkaripia. Aliokota shuka iliyoanguka kutoka kwenye kamba, akaianika tena.

"Tutakwenda kwa Mwalimu Mkuu," alisema mwishowe. "Nitakusindikiza mpaka mlangoni. Ndani utaingia mwenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga anaweza kusema ni yeye."

Asubuhi yake Karani alisimama mbele ya meza ya Mwalimu Mkuu na daftari mikononi. Alieleza. Mwalimu Mkuu alivaa miwani, akaufungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Uso wake ulibadilika rangi. Karani alifumba macho akingoja radi. Haikuja. Alipoyafumbua, aliona kidole cha mwalimu kimetulia chini ya ukurasa, juu ya sahihi.

"Hii ni ya nani?" aliuliza Mwalimu Mkuu kwa sauti ndogo.

"Yako, mwalimu."

"Mara tatu. Na bomba liko hatua thelathini kutoka kwenye kiti hiki." Akavua miwani. "Nilikuwa nawatukana watu wa ofisini kwa uvivu, kumbe na mimi nimo. Kaa. Chukua karatasi. Utaandika wewe, mimi nitaandika chini yako."

Karani alimwandikia waziri. Mara hii neno moja alilikata akaandika jingine juu yake. Mwalimu Mkuu hakumruhusu kuandika upya.

"Iache hivyohivyo. Ina alama ya kukata, lakini ni ya kweli."

Barua ilisema: *Mheshimiwa Waziri, mimi ndiye niliyejaza daftari ulilolisoma. Zile vema nilizijaza kabla siku hazijafika. Maji yalikatika tarehe kumi na mbili ya mwezi wa kwanza wa muhula, na hayajarudi. Mbunge wetu alisema kweli. Rafiki yangu ana mshono tumboni. Mama yake anaambiwa ni muongo, na muongo ni mimi.* Chini yake Mwalimu Mkuu aliandika kwamba alitia sahihi bila kukagua. Nakala moja walimpa mbunge.

Wiki ya kwanza ikapita bila jibu. Ya pili pia. Shuleni habari zilikuwa zimeenea, na hakuna aliyetaka kukaa na Karani. Wakati wa mapumziko walimwimbia, "Vema, vema, hata Jumapili!" Mtu aliandika kwa chaki kwenye dawati lake: MUUAJI. Karani aliifuta kwa mkono, na unga wa chaki ukabaki viganjani siku nzima. Kasuku alikuwa bado hospitali. Bomba lilikuwa bado kavu, mfereji bado unanuka. Karani alianza kuamini kwamba ukweli uliochelewa hauna wa kuupokea, kwamba barua yake imelala chini ya barua nyingine elfu.

Siku ya ishirini na moja, saa tatu asubuhi, Mwalimu Mkuu aliingia darasani na redio, akaiwasha. Mbunge alikuwa amempigia simu.

"Namwita Waziri wa Maji," ilisema sauti ya Spika. "Ana maelezo."

"Mheshimiwa Spika," waziri alianza. Safari hii karatasi hazikusikika. "Tarehe tatu ya mwezi huu nilijibu swali namba arobaini na saba. Jibu langu halikuwa la kweli. Naomba lisahihishwe katika kumbukumbu rasmi za Bunge. Nimepokea barua kutoka kwa mwanafunzi aliyejaza daftari lile, ameniambia alijaza siku ambazo hazijafika. Mheshimiwa Spika, mtoto huyo alikosea. Lakini kati ya daftari lake na mimi kuna ofisi nne, zenye watu wazima wenye mishahara. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kufungua bomba. Na Mheshimiwa Mbunge aliponiuliza juu ya Jumapili, alinipa nafasi ya kufikiri, na mimi nikafanya mzaha. Mtoto amekiri kosa kabla yangu. Nami naomba radhi. Mafundi wameondoka leo alfajiri."

Hapakuwa na makofi. Mtu mmoja alikohoa, kisha Spika akaita swali lililofuata.

Mafundi walifika siku ile jioni. Kifaa kilichokufa ndani ya pampu kilikuwa kidogo, kinakaa kwenye kiganja. Kazi ya kukibadilisha ilichukua saa mbili. Watoto walipoambiwa hivyo hawakushangilia. Saa mbili! Karibu miezi minne mfereji, na dawa yake ilikuwa kazi ya saa mbili. Muuguzi naye alikata maneno aliyoyaandika kwenye fomu ya Kasuku, akaandika juu yake: mfereji, shuleni.

Kasuku alirudi baada ya mwezi mmoja. Aliletwa na mama yake kwa mkono, amekonda, sare inampwaya kama imeazimwa. Mtihani wa mwisho wa muhula ulikuwa umempita, na angelirudia darasa. Alisimama karibu na bomba bila kusema neno, na wanafunzi waliozoea kumwambia anyamaze walitamani apige kelele.

Karani alikuwa pale na chupa yake ya kioo. Alipiga magoti mbele ya Mama Kasuku.

"Nisamehe, mama."

Mama Kasuku hakumwinua mara moja. Alimtazama mtoto wake, kisha bomba, kisha msichana aliyekuwa chini.

"Nilikuchukia, sitakuficha," alisema. "Kisha nikasikia kwamba ni wewe uliyesema jina lako mwenyewe, na hakuna aliyekushika. Nimekusamehe. Lakini sikiliza, na hawa wenzako wasikilize. Kwako ile ilikuwa alama ndogo tu, mkono ukishuka na kupanda. Ikapanda baiskeli ya tarishi, ikapita ofisi hadi ofisi, ikaingia bungeni, ikarudi kwangu wodini ikiwa neno la waziri. Uongo mdogo haupo, mwanangu. Upo uongo ambao bado haujafika uendako. Andika ulichokiona kwa macho yako, hata kama kinachafua ukurasa. Na ninyi wakubwa," alimgeukia Mwalimu Mkuu, ambaye aliinamisha kichwa, "mkisoma, nendeni mkaangalie."

Akamshika Karani mkono, akamwinua.

Karani alifungua mkoba wake, akatoa kikombe cha bluu. Akakikinga bombani, akainua maji juu kwenye mwanga, akayatazama sana, kisha akampa Kasuku. Kasuku akanywa polepole, kwa vituo, mkono mwingine ukiwa umeshika tumbo. Alipomaliza alilitazama daftari lililokuwa limefunguliwa juu ya ukuta mfupi. Lilikuwa na mistari ya "Hayapo", na sehemu mbili zilizokatwa kwa kalamu.

"Karani," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, kama ya mtu aliye chumba cha pili. "Na Jumapili umeandika nini?"

Karani alimwonyesha. Visanduku vya Jumapili vilikuwa vitupu.

"Hapo sikuwepo," alisema.